Siku Perege wa Shabani Walipotaka Kuondoka na Bwawa

Vijana wangu, chama chetu cha wamwagiliaji kimeniomba niwasimulie kazi niliyoifanya mpaka magoti yalipoanza kulalamika. Naitwa Skolastika, lakini hapa kijijini kwetu, upande huu wa Mwazye, hata watoto wa chekechea wananiita Mama Bwawa. Jina hilo sikulichagua. Nilipewa mkutanoni, siku niliposimama na kulalamika kuliko wengine wote kwamba nyasi za kwenye tuta la bwawa zimeachwa mpaka ndama anapotea ndani yake. Mwenyekiti akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi zinayemuuma sana ndiye atakayezifyeka." Watu wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani na kazi ambayo sikwenda kuitafuta, na sikuiacha tena.

Bwawa lenyewe mnalijua, mmeogelea humo tukiwakataza. Tuta ni udongo mtupu ulioshindiliwa. Zege iko kwenye bomba la kutolea maji ya mashambani tu, basi. Pembeni, upande wa kigango, kanisa letu dogo, kuna ile njia pana yenye majani na mawe kingoni. Hiyo ndiyo utoro. Mvua zikizidi na bwawa likajaa, maji ya ziada yanatorokea pale, yanateremka polepole mpaka kijitoni bila kulidhuru tuta. Wengi wenu mnadhani tuta ndilo linalolilinda bwawa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Deodatus, fundi sanifu wa umwagiliaji aliyekuwa akija na pikipiki kutoka wilayani. Mrefu, mwembamba, mwenye kicheko cha kuamsha mbwa. Siku ya kwanza aliniambia nivue viatu. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Ufipa mwezi wa sita sina haja ya kuwaeleza. Nikamuuliza kama huko chuoni alisomea kutesa watu. Akacheka, akavua buti zake na yeye, tukaanza kutembea chini kabisa ya tuta, upande ule usio na maji.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Nasikia baridi."

"Baridi kavu au baridi ya maji?"

Nikaona ananitania. Lakini tulivyoendelea, kuna mahali nyayo zangu zilisikia tofauti kabisa. Majani yalikuwa yaleyale, rangi ileile, ila ardhi ilikuwa laini na imelowa. Deodatus akachimba kidogo kwa kidole, maji yakajikusanya kwenye kishimo. Akayachota kwa chupa ya plastiki, akaiinua juani.

"Tazama. Meupe. Tuta la udongo halikosi kutoa jasho, kwa hiyo tutaweka kijiti hapa, uwe unapaangalia. Ila siku yakitoka na rangi ya udongo, Mama Skola, ujue maji yanabeba tuta kutoka ndani. Hapo nipigie simu kabla hujavaa viatu."

Tangu siku hiyo nimetembea chini ya lile tuta pekupeku miaka yote ya kazi yangu. Watu walidhani nimeweka nadhiri.

Mengine nilijifunza kwa kugombana na watu. Kuna mjumbe mmoja alipanda miparachichi juu ya tuta ili tupate kivuli siku za mikutano. Nikaing'oa yote ingali michanga. Mizizi ya mti inapenya ndani ya tuta, na mti ukifa mizizi inaoza, inaacha vijia ambavyo maji yanavitafuta. Nilimweleza hivyo, akaninunia mpaka Pasaka. Panya buku nao walinichosha. Shimo la panya buku upande wa nje utaliona dogo, ukiingiza fimbo inaingia yote na mkono unaifuata. Mimi na Deodatus tulikuwa tunayachimbua, tunajaza udongo wenye unyevu kidogo kidogo, tunashindilia kila tabaka kwa gogo. Ukijaza lote kwa mara moja na kulipiga teke juu, umemjengea panya dari.

Halafu ng'ombe. Ng'ombe wakizoea kukatiza mahali pamoja juu ya tuta, wanapafukua mpaka panabonyea kama mgongo wa punda. Katikati ya tuta letu palikuwa hivyo. Nilikuwa nimeshapaziba kwa miiba ng'ombe wasipite, na tulipanga kupajaza udongo kiangazi. Lakini kiangazi kilikuwa bado. Tulikuwa mwezi wa tatu, mvua zinamwagika, na hapo ndipo anapoingia shemeji yangu Shabani.

Shabani ni mtu wa Kabwe, kule ziwani, mvuvi tangu utoto. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mdogo wangu Adelina alikwenda kule kuuza maharage, akarudi na mume. Mama yetu alipoanza kuishiwa nguvu, Adelina akasema anarudi kumhudumia, na Shabani akamfuata huku mlimani bila kulalamika. Sema alikuwa hajui huku watu wanakula nini. Wiki ya kwanza alisifia maharage. Baada ya hapo akawa akikaa mezani anayatazama kama mtu anayetazama barua ya kufukuzwa kazi.

"Shemeji," aliniambia siku moja tukiwa juu ya tuta, "maji yote haya, na hakuna samaki hata mmoja?"

"Maji haya ni ya vitunguu na kabichi."

"Vitunguu vinaogelea?"

Kwa kifupi, akaomba ruhusa kwenye kamati, akapewa. Akaleta vifaranga vya perege kwenye mapipa, kwenye pikapu, njia nzima amekaa nyuma akiyakoroga maji kwa mkono ili wasife. Wakaishi, wakakua, wakazaana. Ikawa Ijumaa yeye ana samaki, na sisi Wakatoliki, Kwaresima ikifika, ndio tuliokuwa tunapanga foleni kwake. Kila mtu alimpenda Shabani. Hata yule mjumbe wa maparachichi alianza kucheka tena.

Tatizo lilianza utoro ulipoanza kutiririka. Maji yanapotoka, perege nao wanatoka. Watu wa mashamba ya chini wakawa wanaokota samaki kwenye majani kama wanaookota uyoga, wanamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Shabani akisikia zile shukrani alikuwa anaumwa tumbo.

Katikati ya hayo nikaitwa Sumbawanga, binti yangu anajifungua. Nikakabidhi kazi kwa kamati, nikaondoka. Mtoto akazaliwa salama, mama yake salama, nikakaa siku kadhaa nikimbeba mjukuu. Mvua ilinyesha Sumbawanga yote. Nikawa namuogesha mtoto huku roho iko kwenye tuta. Mwisho binti yangu akaniambia, "Mama, nenda tu. Mwili uko hapa, wewe hupo."

Nilishuka kwenye gari alasiri. Pale barabarani, ukitazama upande wa kigango, kwa kawaida unaliona bwawa kama sahani iliyowekwa chini. Siku hiyo niliona sahani imejaa mpaka ukingoni. Nikaacha begi langu kwa mama muuza maandazi, nikaanza kukimbia. Mvua ilikuwa imekatika kidogo lakini mawingu bado yalikuwa meusi upande wa milima.

Nilipofika juu ya tuta, upepo ulikuwa unasukuma viwimbi, na pale palipobonyea, kila wimbi lilikuwa linarusha ulimi wa maji upande wa pili. Maji membamba tu, yanateremka kwenye majani. Mtu asiyejua angesema ni kidogo. Lakini maji yakianza kupita juu ya tuta la udongo, yanakwangua upande ule mkavu, yanachimba korongo, na korongo likifika ndani, bwawa zima linatoka kwa pamoja. Na chini ya tuta kulikuwa na mashamba, na mashine ya kusaga, na nyumba kadhaa, ikiwemo ya Adelina alikokuwa akiishi mama yangu.

Nikajiuliza, kwa nini utoro hautoi maji? Nikakimbilia kule. Nikakuta uzio.

Ulikuwa wando mzuri, uzio wa wavuvi wa kuzuia samaki, siwezi kumnyima sifa. Shabani alikuwa ameuchomeka kutoka kingo hadi kingo, fito na matete yaliyofungwa vizuri kama wanavyofunga kule ziwani, na nyuma yake wavu. Perege hata mmoja asingepita. Lakini mafuriko yalikuwa yameleta mabua ya mahindi, magugu, majani, na gogo zima la mti, vyote vikajibandika kwenye ule uzio mpaka ukawa ukuta. Utoro ulikuwa umezibwa kama chupa.

Nikampigia Deodatus. Namshukuru Mungu mtandao ulikuwepo. Hakucheka hata kidogo siku hiyo. Alisema kwa sauti ya taratibu, ili nisikie kila neno:

"Watu wa chini kwanza, Mama Skola. Watoke wote, wapande upande wa kigango. Halafu pale palipobonyea, viroba vya udongo, vipange kama matofali. Bomba la kutolea maji lifunguliwe, polepole. Ndipo mwende kwenye uzio. Anzieni pembeni, mkiwa nchi kavu, mtoe kidogo kidogo. Ukiachia wote ghafla maji yataubomoa utoro. Mtu asisimame upande wa chini. Na atakayegusa maji afungwe kamba. Mimi nakuja."

Mwenyekiti akagonga rimu ya gari inayotumika kama kengele ya kigango. Watu wakadhani kuna msiba, wakaja mbio. Nami sijawahi kuwapenda watu wa kijiji hiki kama alasiri ile. Wanawake wakaja na viroba na majembe, wakachimba udongo mbali na tuta kama nilivyowaambia, wakajaza, wakapokezana mstari mzima. Hakuna aliyeuliza kosa la nani.

Kule chini Adelina alikuwa na vita yake. Mama yetu alikuwa amekataa kutoka.

"Bwawa hilo si analiangalia Skola?" alisema. "Basi mimi niko salama. Niletee chai."

Adelina akamwambia Skola mwenyewe ndiye aliyesema watoke. Mama akajibu kwamba Skola tangu utotoni ni mtu wa wasiwasi. Mwisho Adelina akamnyanyua mzimamzima, akamkalisha kwenye toroli juu ya mto wa kulalia, akapanda naye kilima. Mama alilalamika njia nzima kuhusu kuku wake. Watu wakanisimulia baadaye kwamba alikuwa anasimamisha toroli ili awasalimie majirani.

Shabani alinikuta kwenye utoro. Alikuwa amekimbia kutoka shambani, matope mpaka kiunoni. Akautazama uzio, akalitazama tuta, akaona watu wanakimbiza viroba. Uso wake ukabadilika.

"Shemeji. Mke wangu yuko wapi?"

"Anapanda na mama. Nimewaona."

Akashusha pumzi. "Mimi nilizuia samaki tu."

"Najua. Kesho tutagombana. Sasa hivi nionyeshe ulivyoufunga, ili tujue pa kuanzia kufungua."

Akanionyesha. Tukaanza pembeni, watu wamesimama ukingoni na ndoano za kuvunia maparachichi, wanavuta matete na mabua. Upande ukafunguka kidogo, maji yakaanza kupita, mwanzoni kama kwenye mfereji wa shamba, kisha kwa nguvu zaidi. Mtu aliyekuwa kwenye tuta akapiga kelele kwamba viroba vinashikilia. Lakini katikati pakakataa. Lile gogo lilikuwa limejilaza juu ya fito zote, na bila kulitoa tusingepata njia ya kutosha. Na mvua ikaanza tena.

"Lazima lifungwe kamba livutwe kutoka juu," Shabani akasema. "Naingia."

"Deodatus amesema tukae nchi kavu."

"Amesema pia atakayegusa maji afungwe kamba. Nifunge. Huku mlimani nani mwingine anayejua kuogelea zaidi ya bata?"

Nikampigia Deodatus tena. Alikuwa njiani, akasimamisha pikipiki. Akauliza maji yanakimbia vipi, Shabani ataingilia wapi, nani watashika kamba. Kisha akasema, "Aingilie upande wa bwawani, mbali na pale mlipofungua. Wanaume wenye nguvu washike kamba mbili, kila ukingo moja; mkimtoa, ukingo mmoja uvute, mwingine ulegeze. Akishafunga gogo, atoke kwanza, ndipo mvute. Mwambie kwanza atoke."

Nikamfunga mwenyewe, chini ya makwapa. Nikalikaza kila fundo mara mbili.

"Shemeji, nikifa je?"

"Hufi. Adelina atanifanyia nini mimi?"

Akacheka, akasema bismillahi, akaingia. Kama hamjawahi kumwona mtu wa ziwani akiwa majini hamwezi kuelewa. Huyu mtu aliyekuwa akijikwaa kwenye matuta ya viazi, majini alikuwa kama amerudi kwao. Akalifikia gogo, akapitisha kamba nyingine aliyoibeba chini yake, akafunga fundo nisilolijua, akaivuta kulijaribu. Akainua mkono. Tukaanza kumvuta arudi.

Gogo halikumsubiri. Sijui ni maji yalizidi au fito zilikuwa zimechoka, lakini uzio ulilia kama mlango wa zamani, ukafunguka, na gogo likageuka. Shabani akapotea. Kamba ikakaza mkononi mwangu mpaka ngozi ikatoka. Nasikia watu walipiga kelele, mimi nilichosikia ni sauti yangu tu, "Vuteni! Vuteni!" Wa ukingo huu wakavuta, wa ukingo ule wakalegeza, jinsi Deodatus alivyowaelekeza kwa simu, na tukamtoa kwenye majani kama furushi. Wavu ulikuwa umemzunguka mwili mzima. Akakohoa, akatapika maji, akakaa. Ndani ya wavu, kwenye tumbo lake, perege mmoja mkubwa alikuwa anapigapiga mkia.

Shabani akamtazama. "Huyu tu ndiye aliyebaki," akasema.

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka. Gogo tayari lilikuwa limekwama kwenye mawe ya chini, na utoro ulikuwa unanguruma kama inavyotakiwa. Deodatus alipofika, jua linaelekea kuzama, maji yalikuwa yameshuka chini ya viroba. Alitembea tuta lote pekupeku kwenye mvua ile, akachota maji pale kwenye kijiti chetu, akainua chupa.

"Meupe," akasema. Ndipo akakaa chini.

Kesho yake asubuhi mashamba yote ya chini yalikuwa yamejaa perege. Walikuwa kwenye kabichi, kwenye mifereji, mmoja kwenye banda la kuku la mama. Vitunguu vyangu vilikuwa chini ya matope, na nilihuzunika, lakini ni vigumu kuhuzunika sawasawa kijiji kizima kikinukia samaki wa kukaanga. Shabani alikaa juu ya tuta, amefungwa bendeji mguuni, anatazama ndoo zinapita. Mama akamtumia sahani. Aliyeipeleka akaambiwa amwambie mkwe kwamba samaki ni watamu, ila safari nyingine amletee kwa njia nyepesi.

Mkutanoni wapo waliotaka samaki wapigwe marufuku. Mimi nilisimama nikasema hapana. Samaki hawakuwa na kosa, na mtu aliyeingia majini vile hafukuzwi. Deodatus akatoa wazo: wavuliwe mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, wakaushwe, wauzwe. Watakaobaki wakitoka na maji, watoke, ni sadaka kwa watu wa chini. Na kwenye utoro kisiwekwe kitu chochote, hata kamba ya kuanikia nguo. Wakatafuta mtu wa kuulinda utoro. Shabani alinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Mpaka leo ukisimamisha baiskeli pale atakufuata mpaka nyumbani.

Kiangazi tukapajaza pale palipobonyea. Udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, unyevu wa kiasi tu, ukiufinyanga mkononi unashikana bila kuchafua kiganja. Tulikuwa tunashindilia kwa magogo, kazi ya kuchosha, mpaka vijana wa wakati huo wakaleta spika na kuweka muziki. Kijiji kizima kikacheza juu ya tabaka lile. Deodatus alikuwa anazunguka na fimbo anaelekeza, "Hapa kwenye kona bado, Dada Adelina, rukeni hapa!" Aliporudi na kipimo chake akasema pameshikana vizuri kabisa.

Siku hizi mambo ni mepesi zaidi. Kuna kipimo cha mvua, kuna nguzo yenye rangi inayoonyesha kina, na msimamizi wenu wa sasa, Ortensia, anapiga picha kila mzunguko na kuzituma kwenye kundi la simu, fundi anaziona akiwa ofisini. Amesomea kazi hii. Amenifundisha na mimi kukuza picha kwa vidole viwili. Nakuombeni mmsikilize anapowafukuza na ng'ombe wenu.

Mvua hizi zilizopita, kuna siku ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nimekaa nachambua maharage, nikashindwa. Nikachukua mwavuli, nikapanda taratibu na magoti yangu. Nilipofika nikamkuta Ortensia anatembea chini ya tuta, buti amezining'iniza shingoni kwa kamba zake, miguu mitupu kwenye majani. Utoro ulikuwa unatiririka wazi.

"Shikamoo bibi," akasema. "Mbona mvua yote hii? Umefuata nini?"

"Marahaba. Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia nini, bibi, na mimi nipo?"

Furaha iliyonijaa sijui niwaelezeje. Nikamwambia hakuna kitu, nikageuza mwavuli, nikarudi kwenye maharage yangu.